Mhariri, uchovu wangu haukuwa kichwani, ulikuwa mapajani

Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa muda mrefu, gazeti nanunua Mwanjelwa kwa mama mmoja ambae ananiwekea nakala yangu chini ya meza hata nikichelewa, kwahiyo nikilalamika mjue nalalamika kama mtu wa nyumbani. Juzi kwenye ukurasa wenu wa afya mliandika mambo ya mazoezi na kuna sehemu mkasema uchovu uko kichwani tu, mtu akihisi miguu mizito asiisikilize, akomae, mwili utafuata wenyewe. Nimeyasoma hayo nikiwa nimesimama, maana siku hiyo nikikaa kuinuka ilikuwa kesi nyingine. Nimekaa nayo moyoni siku tatu nimeona niandike.

Mi naendesha baiskeli ndani. Najua wengi mtacheka, hata jirani yangu hapa Uyole alipoona kupitia dirishani alidhani nimefunga baiskeli ili isiibiwe af nikaamua kuipanda hivohivo. Ni baiskeli ya mtumba, ya gia, nyuma imebanwa kwenye stendi ya chuma, tairi la nyuma linakaa juu ya rola, na ile rola inaingia umeme na inaongea na simu. Kwenye simu kuna programu, mi natumia Zwift, unaona kimtu chako kinaendesha kwenye dunia ya kuchorwa na watu wengine kutoka kila kona ya dunia, ukipanda mlima rola inakaza, ukishuka inalegea. Stendi alininunulia binamu yangu aliyeko Uingereza, ilishatumika, akaituma na mzigo wa mtu. Mlima wao maarufu wameupa kona 21 kama ule wa Alpe d'Huez kule Ufaransa, ni kilometa 12 na ushee za kupanda tu, na mi nimeupanda nikiwa sebuleni huku mama anachambua mchele pembeni. Mama yangu akauliza, mwanangu kwani unakimbizwa na nani humo ndani?

Na msione ni gemu la watoto. Desemba 2020, wakati corona imefungia watu ndani, chama cha baiskeli cha dunia kilifanya mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia kwa njia hiyohiyo, kila mtu yuko kwake, na upande wa wanawake aliyeshinda ni Ashleigh Moolman-Pasio, Mwafrika Kusini. Wanaume akashinda Mjerumani Jason Osborne ambae kazi yake hasa ilikuwa kupiga makasia. Yani mtu wa mtumbwi kawapiga watu wa baiskeli. Hii huwa namwambia kila anaenicheka, na bado wananicheka.

Kwanini nisiende nje, wanauliza. Nje ni barabara kuu, malori ya Tunduma, ya Zambia na ya Kongo, kuanzia Uyole kwenda Inyala dereva ameshuka na mzigo breki zinanuka, wewe uko pembeni na taa yako ndogo saa 1 usiku, mwezi wa sita, baridi la Mbeya unalijua, vidole havishiki breki. Nina watoto. Siku kukiwa na njia ya baiskeli iliyotengwa nitatoka na nitawaandikia barua ya furaha, kwa sasa niko sebuleni.

Sasa kisa chenyewe.

Tuna kikundi cha watu watano, mmoja Iringa, mmoja Dodoma, mmoja Dar, binamu yangu Uingereza na mimi. Tunakutana Jumatatu saa 2 usiku, kwa binamu ni saa 12 jioni majira yao ya joto. Tunafanya zoezi la pamoja ambalo programu ndo inakupangia, mfano dakika 8 za kukaza, unapumzika, tena 8, mara nne. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anapewa kiwango chake. Kuna namba inaitwa FTP, ni wati ambazo unaweza kuzihimili kama saa moja ukiwa umekaza kweli, unapima kwa jaribio la kupandishiwa ngazi kila dakika mpaka unashindwa, af wanachukua asilimia 75 ya dakika yako bora. Yangu ni 210. Kwahiyo wakiandika asilimia 95 kwangu inatoka kama wati 200, kwa binamu inatoka nyingine, na kwenye skrini wote mnaonekana pamoja, haijalishi nani ana nguvu.

Hiyo 210 niliipima lini? Niliipima wiki ambayo duka lilikuwa limefungwa, tulikuwa na msiba wa ukoo nikakaa nyumbani siku nne nakula na kulala. Namba ile ni ya mtu aliyelala. Ndo jambo ninalotaka kusema kwenye barua hii yote na naona kwenye makala yenu halipo kabisa: mashine inaijua namba yako, haijui Jumamosi ulikuwa wapi.

Jumamosi nilikuwa shambani, upande wa Mporoto, tunatoa viazi. Fuso haifiki shambani, inaishia barabarani, na kati ya shamba na barabara kuna bonde. Unashuka na kiroba begani, unavuka kijito, unapanda. Na hao wanunuzi wetu na lumbesa zao, gunia limefungwa mpaka limeota kichwa, ukilibeba linakuongoza lenyewe. Tulikuwa wanne, vijana wawili wakaondoka saa 7 kwenda mpirani, tukabaki mimi na shemeji. Sikuhesabu safari ila jua lilizama tukiwa bado tunashusha.

Jumapili nikaamka mzima kabisa. Nikaenda ibadani, nikasimama nikaimba, nikajisifu moyoni kwamba baiskeli imenipa miguu. Kumbe hapo ndo mtego ulipo. Kazi ya kushuka na mzigo inaumiza misuli kuliko ya kupanda, maana paja linavutika huku linazuia, linakuwa kama breki za lile lori la Inyala, na maumivu yake hayaji siku hiyo, yanakuja kesho yake na keshokutwa, siku ya pili mara nyingi ndo kilele. Siku ya pili ilikuwa Jumatatu. Asubuhi kushuka kwenye bajaji pale Kabwe nilishika nguzo kama mzee wa miaka 80, kondakta wa daladala nyuma yetu akaniambia pole babu. Nina miaka 43.

Na dukani nauza pembejeo, kwahiyo Jumatatu yote ni mbolea, mifuko ya kilo 50, kijana wangu hakuja, nikabeba mwenyewe.

Saa 2 kasoro mama Neema ananiangalia navaa raba. Akaniambia, baba Neema hiyo baiskeli haifiki popote, shuka ule. Nikamwambia wenzangu wananisubiri. Hii nayo ni sumu yake, ukiwa nje peke yako ukichoka unageuza unarudi hakuna aliyekuona, lakini ndani humo kuna watu wanne wanakuandikia kwenye skrini, yule wa Dodoma keshatuma kidole gumba, yule wa Iringa anasema leo Mbeya mbona kimya. Nikapanda.

Dakika 10 za kupasha moto zilikuwa nzuri, wati 120, nikadanganyika tena. Feni niliweka ila dirisha mama Neema alilifunga kwa sababu mtoto ana mafua. Watu hawaelewi joto la ndani. Nje baiskeli inakuletea upepo wenyewe, ndani hauendi popote kwahiyo upepo hakuna, na mwili ni injini mbovu sana, ukitoa wati 200 kwenye pedali unakuwa unachoma kama 800 mpaka 1,000, zinazobaki zote ni joto. Ni kama umewasha jiko la umeme tumboni. Mbeya nzima imevaa majaketi mi natiririka jasho mpaka kwenye kapeti, kioo cha dirisha kimefunga ukungu watoto wanachora katuni.

Dakika 8 za kwanza zikaanza. Hapa inabidi nieleze kidogo maana ndo penyewe. Kwenye mazoezi haya stendi inakaa kwenye modi inayoitwa ERG. Maana yake rola inakushikilia kwenye zile wati ulizopangiwa, utake usitake. Ukikanyaga harakaharaka inalegea, ukipunguza mwendo inakaza, ili wati zibaki 200. Ukiwa na miguu mizima ni raha tupu, hufikirii gia, hufikirii chochote, unazungusha tu. Lakini hesabu yake ni kali: wati ni nguvu ya kukanyaga mara kasi ya kuzungusha. Ukishusha mizunguko ikawa nusu, kila kanyago linadai nguvu mara mbili. Sasa fikiria mtu ambae paja limeshakufa.

Mizunguko yangu huwa 88 kwa dakika. Dakika tatu za kwanza ilikaa hapo. Ya nne nikaona 82. Nikakaza, ikarudi 84, ikashuka 76. Rola ikaanza kuguna. 70. Nikasimama juu ya pedali kama watoto wanaopanda baiskeli ya baba, tairi likaanza kuteleza juu ya rola na harufu ya mpira ikajaa sebuleni, 61, 52, na kila ninavyopungua na yenyewe inazidi kunikaba, ni kama unazama kwenye matope ya Igawilo masika, ukivuta mguu mmoja mwingine unazama. Af ikasimama. Yani pedali ikagoma kabisa kushuka, mi niko juu yake na kilo zangu 74, imegoma.

Kitu kimoja nilikiona nikakipuuza. Nina mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo. Nikiwa kwenye wati 200 moyo huwa 158, 160. Siku ile ulikuwa 141. Nikafurahi! Nikasema moyo hauna shida, kwahiyo nina nafasi, hapa ni uvivu, ni kichwa. Mhariri, ni haya maneno yenu kabisa, niliyasema kabla hamjayaandika. Baadae binamu akanieleza kwamba moyo kugoma kupanda wakati miguu inaungua mara nyingi ni dalili ya mwili uliochoka, sio ya mwili ulio imara.  Pia kama umebeba mizigo siku nzima na hukula vya kutosha, ile akiba ya wanga kwenye misuli inakuwa imeisha, na kuirudisha ni kama siku nzima ya kula vizuri, mi Jumatatu mchana nilikula maandazi mawili na chai.

Basi nikaanza tena. Ukisimama af ukianza, ile modi inakupa sekunde chache za huruma ndo inakushika. Ikanishika. Safari hii nilidumu dakika mbili. Yule wa Dar akaandika komaa Mbeya. Nikakomaa. Niseme kweli, kuna wakati nilimwomba Mungu umeme ukatike, maana stendi hii umeme ukiondoka inalegea palepale na ningekuwa na sababu ya heshima ya kushuka. Siku zote unakatika. Siku ile haukukatika.

Mara ya tatu nyama za nyuma ya paja la kulia zikajikunja. Msuli ukabana, nani amewahi kubanwa na msuli akiwa juu ya kiti chembamba kama kile, hushuki, unaanguka. Niliangukia upande wa feni, feni ikaangukia beseni la nguo, Neema akapiga kelele, mama akatoka chumbani na tochi japo taa zilikuwa zinawaka. Nimelala sakafuni nimenyoosha mguu ukutani, kwenye simu kimtu changu kimesimama pembeni ya barabara kimeweka mguu chini, kinatazama bahari, kizima, hakina hata jasho. Mama akaniangalia akasema, ndaga mwanangu, umeshinda?

Sikuweza kushuka ngazi vizuri mpaka Alhamisi. Duka likafunguliwa saa 4 siku mbili. Hiyo ndo gharama ya kukomaa.

Binamu alinipigia kesho yake, akacheka kwanza dakika nzima, af akasema kaka, kwanini hukushusha? Kumbe kuna kitufe pale kwenye zoezi, unashusha asilimia, ukiwa hoi unashusha 10 au 15 na kila kitu kinashuka pamoja, zoezi linabaki zoezi. Au unaizima ERG kabisa unatumia gia zako mwenyewe, hapo mguu ukichoka wati zinashuka, hakuna wa kukukaba. Na kama mapaja yanauma hata kwenye ngazi, acha dakika 8 mara nne, endesha chini ya asilimia 55 ya ile namba, nusu saa mpaka dakika 40, pumzi ya kuongea na simu, ushuke. Kwangu 55 inatoka kama wati 115. Nikamuuliza na wenzangu je? Akasema kwani ulivyokuwa chini sakafuni ulikuwa nao? Nikanyamaza. (Kuhusu kunicheka nikamkumbusha kwamba yeye anapumulia usawa wa bahari na mi niko mita 1,700 kwenda juu, aje apande hapa kwanza.)

Jumatatu iliyofuata nikafanya hivo. Tena nilikuwa nimetoka shamba, vilibaki viroba vichache. Nikashusha mpaka wati 105. Nawaambia wiki ile nilijifunza kitu nilikuwa sijakijua miaka miwili ya kuendesha, miguu iliyochoka ukiizungusha taratibu bila kuilazimisha, dakika 5 za kwanza inalia, ya 15 inaanza kuachia, ya 30 unashuka umekuwa mwepesi kuliko ulivyopanda. Dirisha lilifunguliwa. Nikala saa 3, ugali na maharage, nikalala. Na kwenye skrini nilikuwa palepale katikati ya wenzangu, hakuna aliyejua kwa kuniangalia, isipokuwa yule wa Iringa anapenda kusoma namba za watu.

Sasa Mhariri nirudi kwenye ukurasa wenu. Makala ile inamfaa mtu wa ofisini ambae toka asubuhi amekaa, huyo kweli uchovu wake unaweza ukawa wa kichwa, akitoka akikimbia kidogo unaisha. Lakini gazeti lenu linasomwa Mbeya, linasomwa Makambako na Tukuyu, huku watu wanaoanza mazoezi jioni wametoka kwenye kazi ya miguu. Kuna dada nauziwa nae mboga anatembea kutoka Itezi na beseni kichwani kila siku, akajiunga na kikundi cha kukimbia, wakamwambia asilegee. Ananiambia magoti yanawaka. Nani alimuuliza ameshatembea kiasi gani kabla hajafika uwanjani? Kuna vijana wa guta, wapakuaji wa mahindi kule sokoni, hao ukiwaambia uchovu ni akili unawatukana. Mkiandika tena naomba muanze na swali hilo, jana ulifanya nini na ulikula nini, kabla ya kumwambia mtu akomae. Nafasi mnayo, ile robo ukurasa ya picha ya mwanamke wa kizungu ananyoosha mguu ingetosha kabisa.

Na kama mtataka maelezo ya stendi hizi karibuni dukani, nitawaonyesha hata tairi lenyewe, fundi wa Sokomatola aliponibadilishia aliligeuza mara mbili akaniuliza mzee hili mbona limeisha katikati tu kama limepigwa randa, unaendesha kwenye nini? Nikamwambia kwenye kapeti. Hakuniamini, akaniongezea mia tano ya usumbufu.

Jumamosi hii narudi Mporoto, shemeji kasema kuna mistari sita imebaki na Fuso bado haivuki bonde. Kwahiyo wale wanne wakisoma barua hii wajue, Jumatatu wakiona namba yangu imeandika 100 wasinitumie vikatuni.

Baba Neema,
Uyole, Mbeya